Kalamu ya Risasi Isiyo na Risasi

Hakuna shule wala darasa la ubatizo pasipo kalamu ya risasi, ambayo wengi huiita penseli. Twaishika kila siku, walakini ni wachache wanaojua imefanyizwa kwa vitu gani. Basi na tujifunze habari zake, maana yampasa mwalimu kukijua chombo cha kazi yake.

1. Asili yake. Katika karne ya 16 watu wa Borrowdale, kaskazini ya Uingereza, waliona ardhini madini meusi, laini, yenye kung'aa. Wachungaji wakayatumia kutia alama kondoo zao. Kwa kuwa yalifanana na risasi, watu waliyadhania kuwa risasi nyeusi, na jina hilo likaenea hata likafika kwetu. Mwaka 1565 Conrad Gessner, mtaalamu wa Zurich, aliandika habari za kalamu ya namna hiyo iliyotiwa katika mti. Madini yale yakawa ya thamani sana, hata mwaka 1752 Bunge la Uingereza likatunga sheria ya kuwaadhibu walioyaiba.

2. Kosa la jina. Mwaka 1779 Carl Wilhelm Scheele, mtengeneza dawa wa Sweden, aliyachunguza akaonyesha kwamba si risasi kamwe, bali ni jamaa ya makaa. Mwaka 1789 Mjerumani Abraham Gottlob Werner akayaita grafiti, kwa neno la Kiyunani lenye maana ya kuandika. Kwa hiyo mtoto akichomwa na ncha ya penseli, mzazi asihofu sumu ya risasi. Na aoshe jeraha kwa maji safi na sabuni.

3. Udongo na moto. Mwaka 1793 Ufaransa na Uingereza zilianza kupigana, na grafiti ya Borrowdale haikufika Ufaransa tena. Ndipo mwaka 1795 Nicolas-Jacques Conté aliposaga grafiti hafifu ikawa unga, akaichanganya na udongo wa mfinyanzi na maji, akafanyiza vijiti, akavichoma katika tanuru. Udongo ukizidi, kalamu huwa ngumu na mwandiko wake hafifu. Grafiti ikizidi, huwa laini na nyeusi. Ndiyo maana ya herufi zilizopigwa chapa juu yake: H ni ngumu, B ni nyeusi, HB ni ya katikati. Njia hiyo yatumika hata leo. Na mti wake sharti uchongeke kwa urahisi. Mtarakwa wa milima ya Afrika Mashariki, hata ule wa Usambara, ulikatwa kwa kazi hiyo.

4. Matumizi yake. Wino huzama katika karatasi, bali grafiti hukaa juu yake. Kwa hiyo hufutika. Hayo ni mema kwa mwanafunzi, maana hukosa akasahihisha bila kuharibu daftari. Tena ni mema kwetu tunapotayarisha mahubiri. Lakini majina ya waliobatizwa, waliofunga ndoa na waliofariki yasiandikwe kwa penseli katika vitabu vya usharika. Baada ya miaka 30 mtu atakuja kuomba cheti cha ubatizo wake. Mzee aliyembatiza amekwisha kulala, wadhamini hawapo, na mahali pa jina lake pana alama ya kijivu isiyosomeka. Nani atamshuhudia? Basi, walimu wapendwa, penseli iwe ya kujifunzia, na wino uwe wa ushuhuda.