Mto Tana na Nchi Iletwayo na Maji

Ama baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu, Mola wa mvua na mito: wanafunzi waliuliza suala katika darasa, nasi tumeona jawabu lake liandikwe, lipate kuwafaa na wengine. Waliuliza: Je, mto hupita tu juu ya nchi, au una kazi katika kuifanya nchi iwe kama ilivyo?

Jua, ewe ndugu yangu, ya kwamba mto ni katika sababu kubwa alizozijaalia Mola za kuitengeneza ardhi. Na mfano ulio karibu nasi ni Mto Tana, uingiao baharini Kipini.

KWANZA: ASILI YA MAJI. Jua huipiga bahari, mvuke ukapanda, chumvi ikabaki. Upepo huuchukua mvuke ule hata bara. Ukikuta mlima hupandishwa juu, na huko juu kuna baridi, basi hugeuka mawingu, na mawingu yakawa mvua. Hivyo ndivyo inyeshavyo milima ya Nyandarua na Mlima Kenya, ambako Tana huanza. Mvua nyingine huteremka vijitoni papo hapo; nyingine hunywewa na ardhi, ikatoka baadaye katika chemchemi, na kwa hiyo mto haukauki mvua zikatikapo. Kisha maji husafiri kiasi cha kilomita 1,000, hata yakarejea baharini yalikotoka.

PILI: KAZI YA MTO. Mlimani maji yana kasi: hukata miamba, huchimba mabonde, na huchukua mchanga na udongo. Yafikapo nchi tambarare, kuanzia Garissa kwenda chini, mwendo hupungua. Na mchukuzi akichoka hutua mzigo. Siku za mafuriko maji hupita juu ya kingo. Mchanga mzito hutua kwanza, kando ya mto. Tope laini huenda mbali, likatua mabondeni. Ndipo kingo zikawa juu kuliko nchi iliyo nyuma yake, nao Wapokomo wakajenga vijiji juu ya kingo, wakalima mpunga pale tope lilipotua.

Kadhalika mto hupinda. Ukingo wa nje wa pindo huliwa na maji, na wa ndani hujazwa mchanga. Pindo likizidi, siku moja mafuriko hukata njia ya mkato, na pindo la kale hubaki ziwa lenye umbo la mwezi mwandamo. Maziwa ya namna hii yako upande wa Garsen.

TATU: MKONO WA MWANADAMU. Zamani Tana haikutokea Kipini; mlango wake ulikuwa kusini zaidi, na Kipini palikuwa mlango wa Mto Ozi. Katika karne ya 19 watawala wa Witu walichimbisha mfereji wa Belazoni, kuiunganisha mito hii miwili ili vyombo vidogo vipite. Mfereji ulikuwa mwembamba, lakini maji yaliupanua mwaka hata mwaka, mpaka mto wenyewe ukahamia huko.

Na baina ya 1968 na 1988 yalijengwa mabwawa matano upande wa juu, ya kutoa umeme. Lililo kubwa, Masinga, lilikamilika 1981. Faida yake haikanushiki. Lakini maji yakisimama hutua tope lake bwawani, na mafuriko ya kila mwaka hupungua. Basi aliye chini hukosa mawili: maji ya kufunika shamba, na udongo mpya. Angalia watu wa Ozi, karibu na Kipini: bahari ijaapo huyasukuma maji matamu ya mto yakaingia mashambani mwao. Maji ya mto yakipungua, kiingiacho ni chumvi, na mpunga hufa.

NNE: HAKI YA ALIYE CHINI. Katika fiqhi, wenye mashamba wakishirikiana mto mdogo, aliye juu hutangulia. Hunywesha shamba lake hata maji yafike vifundo vya miguu, kisha humwachilia aliye chini yake. Hakupewa yote kwa kuwa ametangulia. Na sasa umejua ya kuwa mto hauleti maji peke yake, huleta na ardhi. Basi mwenye kumzuilia jirani yake mto amemzuilia na shamba.

Wala tusiwalaumu wa juu tu. Mikoko iliyopo kwenye milango ya mito hushika tope lisichukuliwe na bahari. Sisi tuikatao boriti bila kiasi, twaivunja nchi kwa mikono yetu.

MASUALA: (1) Kwa nini mto haukauki mvua zikatikapo? (2) Kwa nini kingo za Tana zi juu kuliko mabonde yake? (3) Bwawa likishika tope, ni nani apatwaye na hasara, na kwa njia gani?