MFEREJI WETU UNAISHIA WAPI?



Somo la leo linaanza na kosa langu mimi, kapita wenu.

Jumamosi moja, siku ya salongo, mvua ilikuwa karibu na mimi nilikuwa na haraka ya kumaliza kazi. Nikawaamuru wadogo wa mwaka wa kwanza: "Sukumeni taka yote katika mfereji, mvua itabeba!" Mmoja akaniuliza: "Kapita, itabeba mpaka wapi?" Nikamukaripia. Mvua ikanyesha, kiwanja kikawa safi, tukafurahi. Lakini swali lile lilibaki katika kichwa changu. Leo ninalijibu mbele ya wote.

1. SAFARI YA MAJI

Bukavu yetu imejengwa juu ya vilima, na kila mfereji unateremuka. Maji ya kiwanja yanaingia katika vijito kama Kawa, na vijito vinaingia katika ziwa Kivu. Ziwa nalo lina mlango mmoja tu wa kutokea: mto Ruzizi, hapa hapa mjini. Ruzizi inashuka mpaka ziwa Tanganyika, karibu na Uvira. Kutoka kule, Lukuga inapita Kalemie na kupeleka maji katika Lualaba, ndiyo mto Kongo, mpaka bahari. Basi, hakuna taka inayopotea. Inahama tu.

2. MADHARA YAKE

a) Plastiki. Masashe na chupa hazioze. Zinaelea mpaka kwenye kizuizi cha Ruzizi ya Kwanza, kilomita 3 hivi kutoka ziwani. Mwanzo wa mwaka 2023 ziliharibu mashini moja pale, na umeme ukapunguka. Tunalalamika kwamba hatuna taa ya kusoma, kumbe chupa ni yetu!

b) Maji ya sabuni. Sabuni zingine za unga zina fosfati, na fosfati ni mbolea ya majani ya maji. Majani yakizidi halafu yakifa, kuoza kwao kunamaliza hewa ambayo samaki wanapumua.

c) Mafuta machafu ya mashini. Yanatandaa juu ya maji kama ngozi na kuzuia hewa kuingia.

d) Uchafu wa choo. Huu unaleta kipindupindu na homa ya matumbo. Na munajua vizuri kwamba bomba likikauka, mama zetu wanachota maji ziwani.

3. TUFANYE NINI?

– Maganda ya ndizi na mabaki ya sombe: tuyatie katika shimo la mbolea, kisha tuyapeleke shambani.
– Maji ya kufulia: tuyamwage juu ya udongo wenye majani, si katika mfereji. Tusifue nguo wala kuosha pikipiki ndani ya ziwa.
– Mafuta ya mashini: tuyaweke katika bidoni na kuyapelekea fundi anayeyatumia tena.
– Mawe ya tochi yaliyokwisha: tuyaweke pembeni katika kopo, yasichanganywe na mbolea.
– Choo: kiwe mbali na kisima au kijito, angalau mita 30.
– Chupa na masashe: tutumie tena, au tukusanye pahali pamoja.

Wengine watasema: "Mji mzima unatupa, sisi shule moja tutafanya nini?" Ni kweli, hatutasafisha ziwa lote. Lakini mfereji wa shule ni wetu, na mdomo wake tunaujua. Ninaomba tuweke wavu wa waya pale unapotokea, na kila darasa liusafishe kwa zamu.

4. MASWALI YA KUJIULIZA

1) Maji ya kwenu nyumbani yanapita wapi?
2) Nani anachota chini yenu?
3) Leo umetupa nini katika mfereji?

Mdogo wangu wa mwaka wa kwanza, unisamehe. Swali lako lilikuwa la akili kuliko amri yangu. Jumamosi inayokuja, mimi ndiye nitaanza kubeba kitunga.

Kapita wa wanafunzi, mwaka wa 6