Usaili wa kampuni kubwa ukiwa Chanika

Swali: Nipo Chanika, Handeni, nina diploma ya kompyuta. Kampuni kubwa za programu zinaweza kunisaili? Nijiandae vipi?

Jibu: Zinaweza, na haziko mbali: Microsoft ilifungua kituo cha uhandisi Nairobi mwaka 2019, na Google ikatangaza chake mjini humo mwaka 2022. Nguvu zako ziweke kwenye kufikiri kwa sauti. Msaili hukupa tatizo dogo, tuseme kutafuta namba iliyojirudia kwenye orodha, kisha akasikiliza unavyolikabili. Ukilinganisha kila namba na nyingine zote, orodha ya namba 1,000 inadai ulinganisho 499,500. Ukitunza ulizokwisha kuziona, unaipitia mara moja tu, ila kumbukumbu ya kompyuta inatumika zaidi. Anayeeleza gharama hiyo anaonyesha uelewa ambao aliyekariri jibu hana. Utasema maswali haya hayafanani na kazi yenyewe. Ni kweli, kazini muda mwingi huishia kusoma msimbo wa wenzako. Lakini huko nako utatetea uamuzi wako mbele yao, mara nyingi kwa Kiingereza. Anza na daftari, mweleze mwenzako kila hatua, naye akuhoji.