Kuchagua Betri ya Sola ya Gari la Kupigia Kambi

Somo letu la leo linaanzia gereji, chini ya mjakaranda, huko Kimandolu kando ya barabara ya kwenda Moshi. Tulikwenda pale kuona kazi ya umeme wa magari. Tukamkuta kijana mmoja amekaa juu ya tairi, mbele yake betri, uso umemshuka.

Kijana huyu na wenzake watatu walichanga fedha. Mmoja aliuza ng'ombe wawili, mwingine akatoa akiba ya kahawa ya mama yake. Wakanunua Land Cruiser kuukuu, wakaitengeneza, wakaweka hema juu ya paa na friji ndogo nyuma. Gari hilo hukodishwa na wageni wanaotaka kulala porini.

Safari ya kwanza walifika Seronera, katikati ya Serengeti. Friji ilikuwa inakula moto wa betri ileile ya kuwashia gari. Usiku ikanguruma, ikanguruma. Asubuhi dereva alipogeuza ufunguo, selfu ikasema "tik", basi. Wageni wamekaa, nyati wako pale ng'ambo, na hakuna wa kusukuma. Walingoja mpaka gari jingine likaja kuwabusti.

Waliporudi wakanunua betri ya pili, N70 mpya ya gari, kwa ajili ya friji peke yake. Wakafunga na paneli ya sola juu ya paa. Kazi ikaenda vizuri. Baada ya miezi minne ile betri mpya ikawa haikai na moto hata usiku mmoja. Nyama ya wageni ikaoza. Ndiyo hiyo iliyokuwa mbele ya kijana.

"Shikamoo fundi," alisema.

"Marahaba. Hii ulinunua wapi?"

"Dukani. Wameniambia ni mpya kabisa."

"Mpya ni kweli, mdogo wangu. Lakini umemchukua mkimbiaji wa mita mia ukambebesha gunia mpaka Monduli."

Tulicheka wote, hata kijana. Lakini maneno yale ndiyo somo lenyewe, kwa hiyo tuyafafanue.

BETRI MBILI, KAZI MBILI

Betri ya risasi si kitu kipya. Iligunduliwa Ufaransa na Gaston Planté mwaka 1859. Ndani yake kuna mabamba ya risasi yaliyozama katika maji makali ya asidi. Betri ya volti 12 ina vyumba sita, na kila chumba hutoa volti mbili hivi.

Fundi alikuwa na betri moja iliyokufa zamani, imepasuliwa ubavu. (Usijaribu kupasua yako nyumbani. Asidi inaunguza na risasi ni sumu, hasa kwa watoto.) Ilikuwa betri ya gari. Mabamba yake ni mengi na ni membamba. Kwa nini? Kuwasha injini kunataka nguvu nyingi kwa sekunde chache tu. Mabamba mengi membamba hutoa nguvu hiyo kwa mara moja. Injini ikishawaka, oltaneta inarudisha kile kidogo kilichotumika.

Betri ya sola kazi yake ni nyingine. Hutoa moto kidogo kidogo usiku kucha, kisha hujazwa mchana. Mabamba yake ni manene ili yavumilie kushuka na kupanda kila siku. Mafundi huiita betri ya dipu saiko. Ukiishusha betri ya gari mpaka chini kila usiku, mabamba yake membamba hulika upesi. Ndiyo maana N70 ya vijana wetu ilikufa kwa miezi minne. Haikuwa mbovu. Ilipewa kazi isiyo yake.

Wako wauzaji wanaobandika karatasi yenye neno "sola" juu ya betri ya kawaida. Karatasi haileti mabamba manene. Iinue: betri ya dipu saiko ya kweli ni nzito kuliko betri ya gari yenye ukubwa uleule. Omba pia kuona kitabu chake, kinachoeleza inaweza kushushwa na kujazwa mara ngapi. Betri isiyo na maelezo hayo iache dukani.

HESABU YA FRIJI NA TAA

Vijana wengi huanza kwa kuuliza bei. Fundi yule alianza kwa kuuliza, "Mnatumia nini, na kwa saa ngapi?" Akachukua chaki akaandika kwenye bonde la mlango wa gari, nasi tukanakili.

Kipimo cha betri ni ampea-saa. Ni kama debe la kupimia mahindi: kifaa kinachokula ampea 4 kwa saa 10 kimekula ampea-saa 40. Namba ya N70 au N200 inakaribia kukuambia betri ina ampea-saa ngapi.

Friji ya vijana ikizunguka hula ampea 4. Haizunguki muda wote, ikishapoa hupumzika. Kwa siku nzima huzunguka kama saa 10. Hiyo ni 40. Taa tatu ndogo za LED kwa saa nne ni 5. Simu na kamera za wageni, tuweke 5 nyingine. Jumla ni ampea-saa 50 kwa siku.

Sasa, je, jua likikosekana? Msomaji wa Arusha hahitaji kuelezwa. Mwezi wa sita na wa saba Mlima Meru unaweza kujificha siku nyingi mfululizo, na ukingoni mwa Ngorongoro ukungu unakaa mpaka saa nne asubuhi. Kwa hiyo vijana walitaka akiba ya siku mbili: 50 mara 2 ni 100.

Hapa ndipo watu wengi hukosea. Wanasema, basi tununue betri ya 100. Hapana! Betri ya risasi usiishushe kupita nusu. Ukitaka kutumia 100, nunua 200. Ile nusu ya chini si yako, ni uhai wa betri.

Na uulize tena: hiyo 200 imepimwa kwa saa ngapi? Betri ikitoa moto polepole sana kwa saa 100, huonyesha namba kubwa kuliko ikipimwa kwa saa 20. Wengine huandika ile kubwa. Wewe linganisha namba za saa 20 kwa saa 20.

Paneli nayo ina hesabu yake. Ampea-saa 50 mara volti 12 ni wati-saa 600. Tukichukua saa tano za jua zuri kwa siku, 600 gawanya kwa 5 ni wati 120. Ongeza kwa ajili ya vumbi, joto na hasara ya njiani. Paneli ya wati 200 inatosha bila wasiwasi. Lazima pia iwepo kontrola kati ya paneli na betri, na iwe inajua ni betri ya aina gani inayochajiwa.

RISASI AU LITHIAMU?

Betri za dipu saiko za risasi ziko za maji, ambazo huongezwa maji safi ya betri, na ziko zilizofungwa. Kwa nyumba iliyotulia, ile ya maji ni nzuri na fundi anaweza kuipima. Kwa gari la porini sisi tunashauri iliyofungwa. Barabara ya kwenda Serengeti ina matuta kama ubao wa kufulia. Maji ya asidi yatamwagika. Tena betri ya maji ikichajiwa hutoa hewa inayoweza kulipuka. Isikae kabisa mahali watu wanapolala, wala karibu na jiko.

Siku hizi kuna betri ya lithiamu ya aina ya chuma na fosfeti. Hii unaweza kuitumia sehemu nane katika kumi. Vijana wetu wangetosheka na ya ampea-saa 125 badala ya 200. Ni nyepesi sana: kilo kama 15, wakati risasi ya 200 ni kilo 50 au zaidi. Lakini haitaki kuchajiwa kwenye baridi ya barafu, na haitaki kuungwa moja kwa moja na oltaneta. Huvuta moto mwingi mno mpaka oltaneta inaweza kuungua. Inahitaji chaja yake katikati.

Je, ipi ni rahisi? Tupige hesabu. Bei hizi ni za mfano tu. Wewe weka za duka lako.

Tuseme N70 ya gari ni Sh 250,000. Unatumia 35 kila mara, na inavumilia mara 50. Utapata ampea-saa 1,750. Kila moja imekugharimu Sh 143 hivi.

Tuseme dipu saiko ya risasi ya 200 ni Sh 600,000. Unatumia 100, mara 500. Utapata 50,000. Kila moja ni Sh 12.

Tuseme lithiamu ya 125 ni Sh 1,500,000. Unatumia 100, mara 2,000. Utapata 200,000. Kila moja ni Sh 7 na senti 50.

Kumbe ile iliyoonekana ya bei nafuu ndiyo iliyokuwa ghali kuliko zote! Lakini tusikimbilie lithiamu vilevile. Gari la vijana hawa hulala porini kama siku 100 kwa mwaka. Mara 2,000 ni miaka 20, na hatudhani hata lile gari litafika huko. Risasi ya mara 500 itawapa miaka mitano, na milioni moja nzima hawakuwa nayo.

Wakachagua betri mbili za risasi zilizofungwa, 100 na 100, aina moja, za siku moja. Mtu mmoja mwenye nguvu anaweza kubeba moja. Fundi aliunganisha chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, ili volti zibaki 12. Angeziunga chanya kwa hasi zingekuwa 24, na friji ingeungua. Akaweka fyuzi karibu na betri, akazifunga kwa mikanda juu ya mpira, na akaweka kitenganishi ili friji isiguse tena betri ya kuwashia gari.

Kabla ya kulipa, kijana alikwenda dukani na testa. Betri mpya iliyotulia husoma volti 12.6 au zaidi kidogo. Moja ilisoma 12.2. Maana yake imekaa kwenye rafu muda mrefu, imeshuka karibu nusu bila kufanya kazi. Muuza duka akasema, "Ukiichaji itakaa sawa." Kijana akairudisha taratibu, akaomba nyingine.

ZOEZI

Mama mmoja wa Kimandolu ana kibanda cha maziwa. Friji yake ya sola hula ampea 5 na huzunguka saa 12 kwa siku. Taa moja hula ampea 1 kwa saa 4. Anataka akiba ya siku mbili na ananunua betri ya risasi. Anunue ya ampea-saa ngapi? Fanya kwenye daftari kwanza.

Jibu: 60 na 4 ni 64. Mara siku 2 ni 128. Mara 2, kwa sababu ya ile nusu isiyoguswa, ni 256. Betri moja ya 200 haitamfaa. Atafute mbili za 130 zinazofanana.