Dondoo muhimu: Somo la kwanza kwa kishikwambi

Mwalimu wa Tingi, kishikwambi ulichopewa baada ya Sensa ya 2022 kinatosha kuanzia. Zingatia haya:

• Pakua mapema. Ukifika penye mtandao mzuri, Mbinga mjini au Mbamba Bay, pakua jaribio la kuigiza la sayansi la PhET au programu ya hisabati ya GeoGebra. Vyote hufanya kazi bila intaneti vikishapakuliwa.

• Chagua dhana moja. Kuelea na kuzama kunafaa: watoto wa Ziwa Nyasa wanaijua mitumbwi.

• Jaribu usiku wa kuamkia somo. Pitia kila hatua, kisha chaji kishikwambi hadi kijae.

• Uliza kabla ya kugusa. Kila mwanafunzi aandike anachotarajia kitatokea, ndipo mmoja abonyeze.

• Gawa vikundi. Kimoja kitumie kishikwambi, vingine vipime kwa ndoo ya maji, jiwe na kipande cha mti. Wabadilishane zamu.

• Usiache chaki. Kishikwambi kikizima, endelea ubaoni.

• Funga mapema. Katika kipindi cha dakika 40, tenga 10 za mwisho waandike walichogundua na sababu yake. Hapo ndipo utajua kama wameelewa au wamefurahia picha tu.