Saratani Changa ya Tumbo: Mbona Daktari Hukata Pakubwa?

Wahenga walisema mdharau mwiba mguu huota tende. Mpenzi msomaji, methali hii huwa tunaiandika tu kwenye insha, lakini mimi niliielewa nyumbani kwetu Kimumu, babu yangu alipougua.

Kwa mwaka mzima mzee alilalamika kuwa tumbo linamchoma na kwamba anashiba upesi. "Ni asidi tu hii," alituambia, na kila jioni nilitumwa dukani kumnunulia tembe. Alipoanza kukonda, mama alikataa maneno, wakapanda matatu hadi mjini Eldoret. Daktari alimpitishia kooni mpira mwembamba wenye kamera, akamega kinofu kikapelekwa maabara. Majibu yakawa saratani, ila ni changa. Tulishukuru Mungu. Kisha tukaambiwa sehemu kubwa ya tumbo itatolewa. Babu akauliza, "Kidonda ni kama punje ya mahindi, mbona mwataka shamba lote?"

Swali hilo ndilo nitakalolijibu hapa.

Ukuta wa tumbo una matabaka. La ndani kabisa ni utando laini unaotoa maji ya kusaga chakula. Chini yake pana tabaka lenye mishipa mingi midogo, halafu misuli. Mnamo mwaka wa 1962 wataalamu wa Japani walikubaliana kuwa saratani ambayo haijapita matabaka mawili ya kwanza iitwe changa, hata kama imeshafika kwenye tezi. Hapo ndipo wengi hukosea. Uchanga wake hupimwa kwa kina, si kwa safari iliyokwenda.

Tezi za limfu ni kama vizuizi vya polisi barabarani. Ukiumia mguu, mtoki ukavimba kinenani, hiyo ni tezi inayopambana na viini. Tumbo nalo lina tezi zake, kandokando yake na kwenye mishipa mikubwa inayoliletea damu. Seli za saratani zikipenya mishipa ya limfu, hukwama humo na kuzaana. Saratani ikiwa kwenye utando wa kwanza pekee, tezi huwa zimeingiliwa kwa wagonjwa kama 2 au 3 katika kila 100. Ikifika tabaka la pili, ni takriban 20 katika kila 100!

Tena tezi iliyoingiliwa yaweza kuwa ndogo kama zile nyingine, hata picha za hospitalini zisiitambue. Kwa hivyo daktari hutoa sehemu ya tumbo pamoja na tezi za karibu, kisha zikakaguliwa kwa hadubini. Inafaa zikaguliwe angalau 16. Kidonda kidogo kilicho kwenye utando tu huweza kuondolewa kwa ule mpira wa kamera bila kupasua. Cha babu kilikuwa kimeshafika tabaka la pili.

Historia nayo yatufunza. Mwaka wa 1881, mjini Vienna, Theodor Billroth alifaulu kumtoa mwanamke mmoja sehemu ya tumbo yenye saratani. Mama yule alipona mshono, lakini baada ya miezi kama minne akafariki, kwani ugonjwa ulikuwa umeenea.

Kwa babu zilikaguliwa tezi 19. Mbili zilikuwa na saratani, na hakuna picha iliyokuwa imezionyesha. Alipoelezwa, alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Kumbe magugu yalikuwa yameshavuka ua." Akaongezewa dawa za saratani. Siku hizi anakula kidogo kidogo, mara sita kwa siku, na bado anarudi kliniki kuangaliwa.

Wanafunzi wenzangu, mzazi akilalamikia tumbo wiki baada ya wiki, akikonda, akitapika damu au akienda choo cheusi, msikimbilie dukani kama nilivyofanya mimi. Mpelekeni hospitali. Zile tembe zilimtuliza babu maumivu, na ugonjwa ukapata nafasi ya kutembea.