Anwani ni Lavington, mfuko ni wako: jinsi ya kuomba pesa za chuo kikuu

Kijana amepata nafasi katika chuo kikuu cha umma, umeiona karo, na imekukata maini. Tulia. Hiyo ni gharama nzima ya kozi kabla haijagawanywa. Kazi yako wiki hii ni kuhakikisha inagawanywa kulingana na maisha yenu mnavyoyaishi kweli.

Anza kwa kuomba. Tangu serikali itangaze mfumo mpya wa ufadhili Mei 2023, hakuna pesa inayokuja yenyewe. Kijana aliyefanya mtihani wa KCSE mwaka 2022 au baadaye hujaza ombi kwenye tovuti ya hef.co.ke. Asipojaza, karo yote inabaki mlangoni kwenu.

Kuna mafungu mawili ya pesa za kuomba. Ufadhili hutoka katika Mfuko wa Vyuo Vikuu na haurudishwi. Mkopo hutoka Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu (HELB), una riba ya asilimia 4 kwa mwaka, na unalipwa baada ya masomo. Ukiogopa mkopo, unaweza kuomba ufadhili peke yake. Ushauri wangu: omba yote mawili, ila kijana aelewe tangu leo kwamba deni ni lake. Akikwepa kulipa, faini ni shilingi 5,000 kila mwezi.

Kama amechagua chuo cha binafsi, piga hesabu mapema. Huko anaweza kuomba mkopo, lakini ufadhili wa serikali haupo.

Mgao hutegemea bendi, yaani kundi la uwezo ambalo familia yako inawekwa, na bendi ni tano. Kwa viwango vilivyotangazwa 2024, familia yenye mapato yasiyozidi shilingi 5,995 kwa mwezi iko bendi ya kwanza na hulipa asilimia 5 ya gharama. Ya pili inafika mapato ya 23,670, ya tatu 70,000, ya nne 120,000. Anayepita hapo yuko bendi ya tano na hulipa asilimia 40. Chukua kozi ya shilingi 200,000 kwa mwaka. Bendi ya pili utatoa 20,000. Bendi ya tano utatoa 80,000. Kosa moja kwenye fomu linaweza kukugharimu tofauti hiyo kila mwaka.

Sasa tuje Lavington kwenyewe, maana hapa ndipo watu wengi wanapoteleza. Mtaa huu wa Nairobi una familia za aina mbili zinazoandika anwani moja. Kuna mwenye nyumba, na kuna mama anayelala SQ, chumba cha mfanyakazi nyuma ya nyumba hiyo, au baba anayelinda geti kando ya James Gichuru. Kijana akijaza fomu kwa simu, anaandika "Lavington" na kuendelea. Ukiulizwa makazi, eleza chumba unacholala wewe. Nyumba ya bosi si yako, na gari unaloliosha kila asubuhi si lako.

Mapato yako nayo yanahitaji karatasi. Kama mshahara unaingia kwa M-Pesa, omba taarifa ya miezi sita kupitia *334#. Kisha mwombe mwajiri barua. Usizunguke. Mwambie: "Madam, naomba barua fupi inayoonyesha nimeanza kazi hapa lini na unanilipa pesa ngapi kwa mwezi. Ni ya HELB ya mtoto." Wengi huandika siku hiyohiyo. Wanaokosa ni wale wanaoona haya kuomba.

Wewe wa ile familia nyingine, mwenye hati ya mshahara, usifiche kitu. Ushuru wako na gari lako viko kwenye rekodi za serikali tayari. Lakini usiache kusema yanayokubana. Taja watoto wengine walio shuleni na uweke karatasi za karo zao kando. Umeachishwa kazi? Weka barua ya kuachishwa. Unamtunza mgonjwa au mtu mwenye ulemavu? Sema. Idadi ya watu katika familia na hali zao huhesabiwa, si mshahara peke yake.

Kabla ya kufungua tovuti, kusanya kila kitu kwenye bahasha moja: kitambulisho cha kijana au cheti cha kuzaliwa, nambari zake za mtihani na mwaka aliofanya, picha ya pasipoti, vitambulisho vya wazazi na vya wadhamini wa mkopo. Mzazi aliyefariki anahitaji cheti cha kifo. Linganisha majina herufi kwa herufi. "Mohamed" kwenye cheti na "Mohammed" kwenye kitambulisho ni shida ya kutatua leo, si siku ya mwisho ya kutuma.

Laini ya simu na barua pepe ziwe za kijana mwenyewe. Mkienda saiba, kaeni naye pale kwenye kiti. Usimwachie kijana wa saiba akujazie mapato kwa kukisia. Na mtu akikuahidi bendi nzuri kwa pesa, ondoka.

Bendi ikitoka na hailingani na hali yenu, kata rufaa kupitia tovuti hiyohiyo, mara moja, mkiwa na zile karatasi za bahasha. Rufaa yenye barua ya mwajiri na taarifa ya M-Pesa ina uzito kuliko malalamiko matupu.

Sehemu ya karo inayobaki kwa familia nayo itafutie basari. Wakazi wengi wa Lavington wako eneo bunge la Dagoretti Kaskazini, kwa hiyo ulizia basari ya mfuko wa eneo bunge (NG-CDF) wa hapo, na ile ya Kaunti ya Nairobi. Lakini kama kura yako iko nyumbani, Kakamega au Kitui, ulizia huko kwanza, maana watataka kujua wewe ni mkazi wa wapi. Andaa barua ya chifu.

Ukikwama, panda matatu ya 46 hadi mjini, uende HELB katika Anniversary Towers, University Way, na bahasha yako mkononi. Ukishahifadhi nakala zote, iweke bahasha mahali utakapoipata, pamoja na nenosiri la tovuti. Mwaka wa pili mkopo unaombwa upya.